Kumsema Mtu na Kumchora Mtu: Sarufi ya Umbea na Kinyongo katika Kiswahili



Mada niliyoichagua jioni ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Sisi wanaisimu tumeandika mengi kuhusu methali, vitendawili na tenzi. Kuhusu umbea tumeandika machache, labda kwa kuogopa kuitwa wambea. Hata hivyo, nina hakika kwamba hakuna hata mmoja katika ukumbi huu aliyemaliza wiki hii bila kusikia habari za mtu asiyekuwapo, na sarufi iliyotumika kumpasha habari hizo inastahili kuchunguzwa kama sarufi nyingine yoyote.

Nitaanza na mtu wa mbali. George Townshend alizaliwa Uingereza mwaka 1724 katika ukoo wa makabaila, akafa mwaka 1807 akiwa na cheo cha Marquess. Alikuwa mwanajeshi na mwanasiasa. Uchoraji haukuwa kazi yake wala riziki yake, bali alichora kwa kupenda, na zaidi kwa kuchukia. Alipigana Culloden mwaka 1746 chini ya Duke wa Cumberland, mtoto wa Mfalme George wa Pili. Baadaye walikosana, na mwaka 1750 Townshend akaacha jeshi. Duke alikuwa mnene kupita kiasi, na unene huo ndio Townshend alioushika. Katika miaka ya 1756 na 1757 picha zake za dhihaka, ambazo leo tungeziita katuni, zilichapishwa London na Matthias Darly na mkewe Mary, nyingine juu ya kadi ndogo zilizoweza kupelekwa kwa posta. Jina kamili la Duke halikuhitajika. Kwa walioishi London siku zile tumbo lile lilitosha kuwa jina.

Hapo naomba tumwache kidogo bwana huyu, turudi katika lugha yetu, kwa sababu alichokifanya kwa kalamu Kiswahili hukifanya kwa viambishi.

Mtazameni mtu katika ngeli yake ya kawaida: *mtu yule amekuja*. Sasa mpeni umbo la ukubwa: *jitu lile limekuja*. Mpeni la udogo: *kijitu kile kimekuja*. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba hapa kuna tofauti ya ukubwa, na wakiandika hivyo katika mtihani hupata alama zao. Lakini mwenye kusikia hasikii ukubwa peke yake. Tunajua kwamba nomino za viumbe vyenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza hata zikiwa na umbo la ngeli nyingine. Husemwa *kipofu amekuja*, wala hakuna anayemvunjia kipofu heshima kwa kiambishi chake cha *ki-*, kwa sababu kitenzi kimemrudishia utu wake. Mnenaji anapochagua kusema *limekuja* au *kimekuja*, amemnyima mtu huyo upatanisho wa watu. Hiyo ni katuni kamili, na imechorwa kwa silabi mbili.

Viungo vya mwili navyo havisalimiki. *Mkono* huwa *kono*, *mguu* huwa *guu*, *kidole* huwa *dole*, *mdomo* huwa *domo*. Msemaji stadi humpa adui yake *domo* hata kama midomo ya masikini huyo ni ya kawaida kabisa. Mchora katuni naye hufanya hivyo hivyo: huchagua kiungo kimoja, hukiondoa katika ngeli yake, na viungo vingine huviacha vilivyo.

Kitenzi kina mambo mazito zaidi. Linganisheni sentensi tatu: *walisema naye*, *walimsemea*, *walimsema*. Katika ya kwanza mtu yupo, anasikia na anaweza kujibu. Katika ya pili, yenye kauli ya kutendea, maana ni mbili zinazopingana: yawezekana walizungumza kwa niaba yake, na yawezekana walipeleka habari zake kwa mkubwa, kama mtoto anayemwambia mwenzake, “Nitakusemea kwa mwalimu.” Katika ya tatu hakuna kihusishi wala mnyambuliko. Mtu amewekwa moja kwa moja mahali pa shamirisho, mahali ambapo kwa kawaida hukaa neno au habari. Mtu mwenyewe amekuwa ndiyo habari. Na kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba *kumsema mtu* si kumsifu. Anaweza kuwa anakaripiwa usoni, au anateteshwa kisogoni, lakini sifa hazimo.

Neno *kinyongo* nalo lina kitenzi chake. Kinyongo *huwekwa*. Twasema *alimwekea kinyongo* kwa muundo ule ule wa *alimwekea chakula*. Mama aliyemwekea mwanawe chakula amekifunika, anamngojea arudi, na saa yoyote atakapoingia atakikuta. Mwenye kinyongo amefanya hayo hayo. Ndiyo sababu hasira hupita lakini kinyongo hubaki: hasira *hupanda* na *hushuka*, kinyongo *huwekwa* na hutunzwa. *Fundo* nalo, yaani uchungu uliofungwa moyoni, ni la kufungwa na kufunguliwa, na mwenye kulifunga ndiye ajuaye lilivyofungwa. Siamini kwamba lugha iliyagawa mambo haya kwa bahati.

Basi Townshend alimwekea Duke kinyongo, na Duke alipojiuzulu ukuu wa jeshi mwaka 1757 alirudi katika utumishi. Mwaka 1759 tunamkuta Kanada, kando ya mto Saint Lawrence, akiwa mmoja wa mabrigedia watatu chini ya Jenerali James Wolfe katika kuuzingira mji wa Quebec. Wolfe alikuwa kinyume cha Duke: mrefu, mwembamba, mwenye kidevu kilichorudi nyuma. Hawakupatana. Townshend akaanza kumchora kambini, na picha kadhaa kati ya hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya McCord mjini Montreal. Duke alikuwa *jitu*. Wolfe akafanywa *kijitu* chenye *vijiguu*.

Inasimuliwa kwamba picha mojawapo ilipitishwa mkono kwa mkono mezani hadi ikamfikia Wolfe mwenyewe, naye akaikunja na kusema kwamba jambo hilo litachunguzwa wakimaliza kumshinda adui. Nimesema *inasimuliwa*, na ninawaomba mlishike neno hilo. Wolfe aliuawa vitani tarehe 13 Septemba 1759, uchunguzi wowote ukafa pamoja naye. Brigedia Monckton alikuwa amejeruhiwa, hivyo Townshend ndiye aliyechukua uongozi, na mji ukasalimu amri tarehe 18.

Lugha yetu ina akiba kubwa ya maneno ya kutenganisha lililoonekana na lililosikiwa. Kuna *uvumi*, kutokana na *-vuma*, sauti ya upepo na ya ngoma, isiyo na kinywa kinachojulikana. Kuna *uzushi*, kutokana na *-zua*, ambao lazima uwe na mzushi hata kama hajakamatwa. Kuna *tetesi*, iliyo karibu na *-teta*. Kisha kuna kineno kidogo kuliko vyote, nacho ni *eti*. Anayesema *eti amefukuzwa kazi* amefanya mambo mawili kwa pumzi moja: ameitoa habari nje, na ametoa mguu wake ndani yake. Ikija kuthibitika ni kweli, yeye ndiye aliyeileta. Ikija kuwa uongo, yeye alisema *eti*.

Tatizo, na hapa ndipo penye hatari hasa, ni kwamba *eti* haidumu safarini. Mtu wa kwanza husema *eti ana hasira za visasi*. Wa tatu husema *nasikia ana hasira za visasi*. Wa saba husema *yule mwenye visasi*, na hapo madai yamekwisha kugeuka kitambulisho. Lililokuwa kiarifu limekuwa kivumishi. Kiarifu hubishiwa, lakini kivumishi ni shida kukibishia, kwa kuwa kinapita kama sehemu ya jina.

Kumbukumbu za Townshend zimefikwa na jambo hilo. Mengi tunayoyajua kuhusu tabia yake yametoka kwa Horace Walpole, mwandishi aliyezijua nyumba zote za wakubwa wa London na kuandika yaliyosemwa ndani yake. Alimweleza Townshend kama mtu mwenye kiburi na dharau. Kumbukumbu hizo za Walpole kuhusu utawala wa George wa Pili hazikuchapishwa hadi mwaka 1822, wakati mwandishi na aliyeandikwa wote walikuwa kaburini. Huo ni umbea uliowekwa akiba kama kinyongo. Sisemi kwamba ni uongo. Ninasema kwamba wanahistoria waliofuata walichukua maneno, wakaiacha *eti*.

Imebaki namna moja ya kumsema mtu, nayo ndiyo Waswahili tunayoiita *fumbo* au *kijembe*. Watunzi wa Mombasa na Lamu waliijua tangu zama za Muyaka bin Haji na Zahidi Mngumi, waliorushiana beti wakati miji yao ilipokuwa na uhasama mwanzoni mwa karne ya 19. Kanga hadi leo huvaliwa kwa ajili hiyo, na wapenzi wa taarabu ya Dar es Salaam ya miaka ya 1990 wanaijua kwa jina la *mipasho*. Muundo wake wa kisarufi ni rahisi: mlengwa haondolewi, ila anafunikwa. *Kuna watu wakipita hata kuku hunyamaza.* Nimeitunga sasa hivi, msinitafutie adui. *Kuna watu*: kiambishi cha mahali, kisha nomino isiyo na kiashiria. Au *aliyesema amesema*, kirejeshi kisicho na nomino ya kukirejelea. Au *mwenyewe anajijua*, ambapo *-ji-* ya kujirejea inamkabidhi mlengwa kazi ya kujitaja. Fumbo ni nguo iliyoshonwa ikatundikwa. Atakayeivaa ndiye mwenyewe. Ukijibu, umejitaja. Ukinyamaza, umelikubali. Wale wanaosema kwamba aliyesengenywa anaweza kujitetea tu hawajawahi kuvikwa nguo hiyo.

Townshend alivikwa. Mwaka 1760 ulitoka London waraka usio na jina la mwandishi, ulioandikwa kwa mfano wa barua kwa “Brigedia Jenerali Mheshimiwa”. Jina la brigedia halikutajwa. Waraka ulimshutumu kwa kutomtendea haki marehemu Wolfe. Bwana aliyemchora Duke bila kuandika jina sasa alikuwa akisomwa na mji mzima bila jina lake kuandikwa. Naye hakunyamaza. Alimshuku Earl wa Albemarle, mtu wa karibu wa Duke yule yule, akampa changamoto ya kupigana ana kwa ana; pambano likazuiwa kabla halijaanza. Pambano jingine, la mwaka 1773, halikuzuiwa. Hapo alimjeruhi vibaya kwa bastola Earl wa Bellamont, kwa ugomvi uliotokana na miaka ya Townshend ya utawala nchini Ayalandi. Mjibu fumbo hujitaja, na mwenye bastola hujitaja kwa sauti kubwa zaidi.

Nina sababu ya kumfuatilia mtu huyu kwa muda mrefu hivi. Nilipokuwa mwanafunzi, bweni letu lilikuwa na mwenzetu mkimya aliyechora nyuma ya madaftari. Aliwachora walimu, wapishi, na sisi. Mimi alinipa masikio ambayo, nikiwa mkweli, hakuyazidisha sana. Kukazuka habari: *eti* ana orodha ya waliomkosea, na kila anayechorwa yumo. Baada ya muda akawa *yule wa orodha*. Watu waliacha kukaa naye mezani. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioipeleka habari ile mbele, nami nilisema *eti* kama ipasavyo. Orodha yenyewe sikuiona, wala sikumpata aliyeiona.

*Eti* ina kazi ya pili, ambayo kamusi zetu huipitia haraka. Huanzisha swali: *Eti, umeshakula?* *Eti, ni kweli anahama?* Hapo msemaji hajitoi tena. Anamgeukia mtu ili athibitishe au akanushe. Neno ni lile lile, lakini mwelekeo umebadilika, kwa sababu sasa limeelekezwa kwa mwenye habari. Katika bweni lile hakuna aliyelitumia hivyo.

Nilikutana naye tena baada ya miaka mingi kupita, sote wawili tukiwa na mvi, tukanywa chai. Nilijikaza nikamwambia kwamba zamani zile tulimhofia kwa ajili ya ile orodha. Alikiweka kikombe chini, akanitazama.

“Eti, ndugu yangu,” akasema, “orodha gani?”