Jinsi ya kuunda Python bila kuvuruga kompyuta

MWANAFUNZI wa Mwabungo, Kwale, mwenye kompyuta ya Linux, halazimiki kungojea toleo jipya la Python. Lugha hiyo, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, hupatikana bila malipo pamoja na msimbo wake asilia.

Kwanza huhitajika kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Amri ya './configure' hukagua kompyuta, kisha 'make' huunda lugha yenyewe.

Hatari imo katika hatua ya mwisho. Amri ya 'make install' yaweza kufunika Python ambayo mfumo unaitegemea, na baadhi ya programu zikakwama. Ndiyo maana waundaji wake hupendekeza 'make altinstall', inayoliacha toleo la awali salama.