Gia Huchaguliwa Kileleni

Barabara kuu itokayo Eldoret huteremka kwa muda mrefu baada ya Mau Summit, ikapita Sachangwan na Migaa hadi Salgaa, na ubaya wa mteremko huo ni kwamba hauna sura mbaya. Hauna kona za kutisha kama za Mai Mahiu, wala bonde linalomkodolea dereva macho dirishani. Njia imenyooka, na mtu aliyekesha kwenye usukani tangu Malaba hupaona kama pahali pa kupumzisha mguu. Hapo ndipo baadhi ya madereva wa malori walipozoea kutoa gia na kuliacha gari lijiendee kwa uzito wake, ili waokoe dizeli. Fundi yeyote wa Salgaa atakueleza kinachofuata. Injini ikiwa kwenye gia nzito hulishika lori lisikimbie. Ukiiondoa, kazi yote inaangukia breki, nazo zikikanyagwa mfululizo hupata moto mpaka zikaishiwa nguvu. Dereva akitanabahi kwamba mwendo umemzidi na kutaka kurudisha gia, gia inakataa kuingia. Uamuzi ambao ungemwokoa ulikuwa mwepesi kilomita kadhaa nyuma, kule juu, lori likiwa bado linamsikiliza.

Sehemu kubwa ya kile tunachokiita kujisimamia ni kazi ya kule juu. Anayefanikiwa kuweka akiba, kumaliza kazi kwa wakati au kulala mapema si lazima awe na moyo mgumu kuliko jirani yake. Mara nyingi ni mtu aliyeamua mapema, akapanga mambo yake kwa namna ambayo saa ya kishawishi inamkuta hana la kuamua. Somo hili halipendwi, kwa sababu tumezoeshwa jingine. Wahamasishaji wa ukumbini na wa redioni hutuambia kwamba siri ni nidhamu, na kwamba nidhamu hutoka ndani, kama jasho. Hata Stephen Covey, ambaye kitabu chake cha 1989 kuhusu tabia saba ndicho kilichozaa nusu ya semina hizo, hakusema hivyo. Yeye alisisitiza kuipanga wiki kabla haijaanza. Wasomaji wake wa haraka ndio waliochukua msisimko na kuiacha ratiba.

Salgaa yenyewe ni ushahidi wa kutosha kuhusu nguvu na udhaifu wa nasaha. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Karibu miaka tisa baadaye, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana ana kwa ana Migaa, wakafa watu 36. Kati ya misiba hiyo miwili hapakukosekana maonyo. Mabango yalisimama kando ya njia, maaskari walikuwapo, wahubiri walikemea, na kila Krismasi ilikuja na hotuba yake ya kuwasihi madereva wawe waangalifu. Kilichobadilisha mambo ni zege. Sehemu hiyo ya barabara ilipanuliwa, na magari yanayopanda yakatenganishwa na yanayoteremka kwa ukuta wa katikati. Roho za madereva hazikubadilishwa. Ni walewale, wana usingizi uleule na tamaa ileile ya lita mbili tatu. Lori lililoshindwa na breki bado linaweza kuua aliye mbele yake, lakini si rahisi tena livuke na kulipasua basi linalotoka Nakuru.

Mtu atasema ukuta wa zege ni kazi ya serikali, na kwamba kuujadili katika mazungumzo ya mafanikio binafsi ni kupotosha maana. Zaidi ya hapo, atasema, hoja hii inampa mkosaji pa kujificha: si mimi, ni barabara. Pingamizi hilo lina uzito, na sitalipuuza. Lakini litazame kwa karibu uone linadai nini. Linadai kwamba wajibu wa mtu hupimwa pale anapokanyaga breki tu. Mimi nasema wajibu huo huanza mapema zaidi na ni mkubwa zaidi. Aliyelala kwa muda wa saa tatu tu kisha akashika usukani hawezi kujitetea kwamba usingizi ulimvamia. Alijua tangu jana yake. Aliyepokea mshahara Ijumaa jioni, wote katika simu moja, akiwa njiani kuelekea baa, hawezi kusema pesa zilimponyoka. Anayehamishia lawama kwenye saa ya mwisho ndiye anayemwonea huruma mkosaji, kwa kuwa saa ya mwisho kila mtu ni dhaifu.

Na ukuta si lazima uwe wa zege. James Habyarimana na William Jack, wachumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, waliwahi kubandika stika ndani ya matatu za Kenya, wakiwahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza gari ovyo. Stika hizo hazikumfundisha dereva chochote ambacho hakukijua. Hata hivyo, katika jaribio la kwanza madai ya bima kutoka kwa magari hayo yalipungua kwa nusu au zaidi. Katika jaribio la pili, lililokuwa kubwa zaidi, yalipungua kwa kati ya robo na theluthi. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampeni ya usalama barabarani iitwayo Zusha. Linganisha na kanuni za matatu za mwaka 2004 za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilizoleta vidhibiti mwendo na mikanda kwa kishindo kikubwa. Msako ulipolegea, vidhibiti vikaanza kuchezewa. Mtu anayetaka kujirekebisha anaweza kuchukua funzo la stika bila kusubiri serikali. Anayemwambia mkewe, mwenzake wa kazi au wanachama wa kikundi chake alichokusudia kufanya na siku atakayokifanya amekwisha kuweka abiria ndani ya gari lake, wa kumpigia kelele.

Wataalamu hasa ndio wanaoona aibu kusaidiwa namna hii. Daktari bingwa hupenda kuamini kwamba kichwa chake kinamtosha. Hata hivyo, mwaka 2009 matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani yalitangazwa kutoka hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Timu za upasuaji zilitakiwa kusoma kwa sauti orodha fupi ya mambo 19: mgonjwa ni huyu kweli, upande wa kupasuliwa ni huu, dawa ya kuzuia maambukizi imeshatolewa, vifaa vimehesabiwa. Mambo ambayo kila aliyekuwamo chumbani aliyajua tangu chuoni. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kule Salgaa, dereva mkongwe ambaye hajawahi kusikia habari za Ifakara hufanya jambo hilohilo kabla ya kuondoka: anazunguka lori na kipande cha chuma akigonga tairi moja baada ya nyingine, akisikiliza mlio. Hagongi kwa sababu ana shaka na tairi fulani. Anagonga zote, kila asubuhi, ili asipate nafasi ya kujiuliza kama leo kuna haja.

Yote haya yangebaki maneno ya wenye mishahara kama yasingemgusa mama mwenye kibanda cha chakula pale malori yanapoegeshwa. Pingamizi lake ni kali kuliko yote: mipango ni ya mwenye nacho, mimi nikipata elfu moja, mia nne ni ya unga na nyama ya kesho, makaa yana bei yake, mtoto amefukuzwa shule kwa karo, na dereva aliyekula jana ameandikwa kwenye daftari hadi atakaporudi kutoka Kampala. Nipange nini hapo? Ukweli ni kwamba mtu wa aina hii tayari ni meneja kuliko wengi wenye vyeo, kwa kuwa anaendesha biashara isiyo na siku mbili zinazofanana. Tatizo lake lina pahali pake: pesa ya mtaji, ya nyumbani na ya shida za ndugu zinalala pamoja katika mfuko mmoja wa aproni, na kila anayekuja na shida anauona mfuko umetuna. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilichunguza jambo hili Bumala, soko lililo upande wa Busia, kwa kuwafungulia wafanyabiashara wadogo akaunti za benki ya kijijini. Akaunti zenyewe hazikuwa na riba, na kutoa pesa kulilipiwa. Kwa hesabu ya kawaida zilikuwa hasara tupu. Wengi hawakuzitumia. Lakini wanawake wa sokoni waliozitumia waliweka akiba zaidi na wakaongeza mtaji kwenye biashara zao. Walikuwa wakilipia umbali kati ya mkono na pesa. Kwa waendesha bodaboda za baiskeli, faida kama hiyo haikuonekana, na ni vyema kulitaja hilo, kwa kuwa kila mtu ana mteremko wake na dawa haiwi moja.

Huko huko magharibi ya Kenya, wachumi Duflo na Kremer, pamoja na Robinson yuleyule, waliwakuta wakulima waliosema kila msimu kwamba watanunua mbolea, na kila msimu hawanunui. Hawakuwa waongo. Pesa zilikuwapo wakati wa mavuno, mbolea ikahitajika miezi kadhaa baadaye, na katikati palikuwa na harusi, matanga na karo. Watafiti wakawaendea mara tu baada ya mavuno, wakawauzia mbolea kwa bei ileile, faida ikiwa ni kufikishiwa bure nyumbani iwapo watalipa siku hizo. Kivutio kidogo mno, lakini matumizi ya mbolea yaliongezeka sana. Mkulima wa Rongai anayeuza mahindi yake Desemba na kuanza kuhangaikia mbolea Machi ataitambua hesabu hiyo bila kusomewa. Semina ya kumfundisha umuhimu wa mbolea ingempotezea siku. Anachohitaji ni kununua siku anayolipwa, kabla ya shemeji kupiga simu.

Wapo watakaoona hatari nyingine: mtu aliyejifunga kwa mipango atavunjika siku ya dharura, na maisha ya barabarani ni dharura tupu. Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu zaidi, na ushahidi uko upande wake kwa kiasi fulani. Dupas na Robinson walifanya jaribio jingine na wanachama wa vyama vya kuweka na kupeana pesa, juu ya akiba ya matibabu. Baadhi walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo wake. Wengine walipewa kisanduku kama hicho, lakini ufunguo ukabaki kwa watafiti hadi lengo litimie. Ungedhani kilichofungwa zaidi ndicho kingeshinda. Ilikuwa kinyume: kwa gharama za kujikinga na maradhi, kisanduku ambacho mwenyewe alishika ufunguo kilisaidia sana, na kile kingine hakikuleta tofauti ya maana, kwa sababu aliyejua kwamba mtoto anaweza kuugua usiku hakuthubutu kutia pesa zake mahali asipoweza kuzifikia. Waliofanya vizuri kabisa ni waliochangia mfuko wa pamoja wa afya ndani ya chama chenyewe, mbele ya wenzao. Kwa hiyo mpango mzuri ni ule unaokupunguza kasi kwa dakika chache, pengine kwa aibu kidogo, bila kukufungia njia. Anayejipangia siku kwa vipande vya dakika kumi na tano tangu alfajiri hadi usiku amejinunulia kisanduku cha aina ya pili, na ataukimbia mpango huo kabla ya Jumatano.

Limebaki jambo moja ambalo wahamasishaji huliruka. Tabia ya kutoa gia Salgaa haikuzuka hewani. Dereva anayepewa kiasi maalumu cha dizeli kwa safari, posho isiyotosha kulala pahali pa heshima, na malipo yanayotegemea idadi ya safari amekwisha kupangiwa mambo yake kule juu, na aliyempangia ni mwingine. Lita anazookoa kwenye mteremko huwa na mnunuzi kando ya njia. Ukimpeleka mtu huyo kwenye mafunzo ya siku mbili kuhusu tabia za waliofanikiwa, atarudi na cheti na atatoa gia. Mwenye lori anaweza kumaliza sehemu kubwa ya tatizo kwa kubadilisha namna anavyohesabu mafuta na kwa kulipia usiku mmoja wa kulala, gharama ambayo ni ndogo kuliko trela moja lililopinduka. Dereva naye ana machache yaliyo mikononi mwake: saa ya kuondoka Malaba, kituo atakacholala, na nani ameambiwa kwamba atalala hapo. Hayo anaweza kuyapanga wiki hii, huku chama cha wafanyakazi kikiendelea kubishana na waajiri juu ya posho na lita.