Bustani yako hukuonya mapema kuhusu maradhi

Je, umewahi kuamka asubuhi ukapata shingo yako imekuwa nyekundu na inachoma kana kwamba imemwagiwa maji moto, ilhali hukumbuki kuumwa na chochote? Kama ilikuwa mwezi wa Mei, ama mwishoni mwa Novemba, huenda aliyesababisha hayo alikuwa akiishi bustanini mwako kwa majuma kadhaa, nawe ukimpita kila jioni unapofungua lango.

Huyo ni yule mdudu mwembamba, mwekundu kwa mweusi, ambaye wakazi wa jiji humwita "Nairobi Fly". Jina hilo linapotosha kwa sababu si nzi hata kidogo. Ni wa jamii ya mbawakawa, na urefu wake ni kama sentimita moja au chini ya hapo. Ana mabawa lakini hupenda kukimbia ardhini.

La kushangaza ni kuwa hang'ati wala hadungi. Sumu yake imo ndani ya mwili, nayo hutoka anapopondwa. Mtu huhisi kitu kikimtambaa shingoni gizani, akakipiga kofi na kurudi kulala. Nusu siku au siku nzima baadaye ndipo ngozi huanza kuchoma, kisha malengelenge hutokea. Wengi hulaumu buibui.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilo, kisha nikaongeza jingine kubwa zaidi: nilijisugua jicho kwa mkono ule ule. Jicho lilivimba likafunga kwa siku tatu.

Ukimwona juu ya ngozi, mpulizie pumzi aanguke, au umwekee karatasi apande. Ikiwa tayari umemponda, osha mahali hapo mara moja kwa maji mengi na sabuni, na usiguse uso kabla ya kunawa mikono. Fua pia nguo au shuka alimopondwa. Usitumbue malengelenge. Kwa kawaida kidonda hupona katika muda wa majuma mawili au matatu, ingawa alama nyeusi inaweza kubaki kwa muda mrefu zaidi. Lakini jicho likiathirika, ama kidonda kikianza kutoa usaha, nenda hospitalini bila kungoja.

Sasa, msomaji, hebu tujiulize: je, mdudu huyu huja ghafla? Hapana. Yeye hutegemea udongo wenye unyevu na majani yanayooza, na huzaana sana mvua inapopita kiasi, kama ilivyotokea baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mtu aliyezoea kuitazama bustani yake huziona dalili mapema. Asiyetazama huamshwa na maumivu.

Kwa hivyo nunua daftari la kawaida la shule. Andika tarehe ya mvua ya kwanza. Andika usiku ambao kumbikumbi walijaa kwenye taa ya barazani, siku uliyosikia chura wa kwanza, siku majongoo walipoanza kupanda ukutani na konokono wakaila miche yako. Nairobi Fly kwa kawaida hufuata nyuma ya hao, wakati nyasi zimekuwa ndefu na ardhi haikauki tena. Andika tarehe ya yule wa kwanza kabisa. Hata kama unaishi ghorofani na bustani yako ni mikebe minne ya Kasuku kwenye roshani, utapata la kuandika.

Huenda utauliza kwa nini usiitegemee kalenda ya ukutani, kwa kuwa sote tulifunzwa shuleni kwamba mvua za masika huja Machi na za vuli Oktoba. Kumbuka kwamba kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 sehemu nyingi za nchi zilikosa mvua msimu baada ya msimu, kisha Aprili na Mei 2024 mafuriko yakabomoa nyumba papa hapa Nairobi. Kumbikumbi hawasomi kalenda. Wao hutoka ardhi inapolowa, iwe ni Machi au Mei.

Ukishamwona Nairobi Fly wa kwanza, funga madirisha na mapazia kabla ya kuwasha taa, kwa maana mwanga ndio unaomvuta. Zima taa ya nje isiyo na kazi. Kata nyasi zilizo karibu na madirisha, uondoe marundo ya majani yaliyooza karibu na nyumba. Lala ndani ya neti.

Usikimbilie kunyunyizia bustani nzima dawa ya kuua wadudu. Mdudu huyu, pamoja na ubaya wake wote, hula wadudu waharibifu wa mimea. Dawa hiyo pia humwondolea chakula kinyonga, yule wa pembe tatu anayeonekana katika mitaa yenye miti mingi, na mjusi kafiri anayekulia mbu ukutani. Nimewaona watu wakimpiga mjusi kafiri kwa ufagio, kisha wakienda dukani kununua dawa ya mbu!

Kati ya Juni na Agosti Nairobi huwa na baridi na mawingu, na bustani hutulia. Shubiri ikichanua utamwona chozi, ndege mdogo wa mdomo uliopinda, akifyonza maua yake. Huu ndio wakati watu hupogoa ua na kuchoma matawi. Afadhali uyaozeshe shimoni mbali na nyumba, kwa sababu moshi huo humtesa jirani mwenye pumu.

Septemba na Oktoba mbayuwayu hurejea kutoka Ulaya na Asia, na mijakaranda huchanua. Hapo kila anayepiga chafya huulaumu mjakaranda. Lawama hiyo kwa kiasi kikubwa si ya haki. Mjakaranda hutegemea nyuki kusafirisha chavua yake, ambayo ni nzito na hunata. Nyasi, kwa upande mwingine, hutegemea upepo, na chavua yao ni nyepesi ajabu. Ikiwa mtoto wako hupiga chafya na kuwashwa na macho, andika tarehe hizo katika lile daftari, kando ya tarehe nyasi zilipotoa mashuke. Mwonyeshe daktari ukurasa huo, utamsaidia kuliko kumwambia "huanza tu." Pia kata nyasi kabla hazijatoa maua, na mwenye pumu asiwe yeye wa kuzikata.

Januari na Februari ni jua na vumbi. Geuza jani la sukuma wiki uone upande wa chini. Utakuta vidukari wa kijivu wamejazana kama unga uliomwagika, kwa kuwa hakuna mvua ya kuwaangusha. Tazama zaidi kabla ya kushika bomba la dawa. Je, yupo yule mdudu wa mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi? Huyo huwala vidukari kwa wingi, na watoto wake pia, ambao hawafanani naye: ni weusi, warefu kidogo na wenye mbio. Watu huwaua wakidhani ni waharibifu. Mara nyingi maji yenye sabuni kidogo hutosha kuwaosha vidukari. Ikiwa ni lazima utumie dawa, soma kwenye chupa ni siku ngapi zinapaswa kupita kabla ya kuvuna, na uzihesabu. Kuosha mboga hakuondoi dawa yote iliyoingia ndani ya jani.

Kuna kazi moja zaidi ya Februari ambayo wengi huisahau. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyowasumbua wakazi wa Mombasa mwaka wa 2013, huuma mchana na hutaga mayai kwenye kuta za vyombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, yakingoja kulowa tena. Kwa hivyo kumwaga maji pekee hakutoshi. Chukua visahani vyote vya chini ya maua, ndoo na mikebe iliyotupwa nyuma ya nyumba, uvisugue ndani kwa brashi kabla mvua haijafika. Mvua ikianza, vikague mara moja kila juma uone kama kuna viluwiluwi, na uvimwage kwenye ardhi kavu.