Mkoko wa Kizamani Kwenye Nchi ya Mikoko

Mwanangu, kama una ndoto za kumiliki Datsun 240Z, kausha kwanza nikupe mchongo. Injini haitakuzingua. Zile ni silinda sita za mstari mmoja, lita 2.4, chuma kilichopimwa mapande ya kwetu kikatoboa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walibeba nayo mbio za magari za East African Safari, na nafasi ya pili ikaenda kwa Shekhar Mehta, naye akiwa ndani ya 240Z vilevile. Mwaka 1973 Mehta akarudi, akamaliza pointi sawa na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, na ushindi akapewa yeye. Unyama mwingi.

Kitakachokutoa kijasho ni waya. Ndinga ina miaka hamsini na ushee, imepita mikononi mwa mafundi ambao kila mmoja aliunga alivyojisikia, halafu wewe unaileta huku delta ya Rufiji, ambako hata upepo una chumvi.

Mshkaji wangu mmoja aliipata ya kwake Dar, imelala chini ya turubai kwa mtu aliyechoka kuitazama. Rangi imepauka, viti vimechanika, lakini ikiunguruma mtaa mzima unageuka. Akashuka nayo barabara ya Kilwa kuja kwao Kibiti. Mkuranga freshi, Kimanzichana freshi. Kigiza kilipomkuta maeneo ya Bungu, sarakasi zikaanza: taa za mbele zikafifia zikawa njano, akiwasha indiketa taa za dashibodi nazo zinakonyeza, akikanyaga breki redio inakata. Akafika kwa kudra za Mungu. Asubuhi akapiga ufunguo: tk, tk, tk. Basi.

Kijiweni pale stendi kila mtu ni fundi. Wa bodaboda akasema betri. Muuza korosho akasema alteneta. Dereva wa fuso akasema stata, tena anamjua mtu Ikwiriri anayo ya kuuza. Ukiwasikiliza wote, misimbazi inaisha na gari bado limelala. Huko juu ya Mto Rufiji, Bwawa la Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Huku chini mkoko unaomba volti 12 tu, na umeme wenyewe upo kwenye betri, ila njiani unapotea.

Umeme unaenda, umeme unarudi

Fundi umeme aliyekuja hakugusa spana. Alitoa mita.

"Fundi, betri si ndiyo imekata?"

"Betri haina kesi. Kaa hapo kwenye usukani, nikikwambia piga, piga."

Waya mmoja wa mita akaubana kwenye negativu ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, mahali alipokwangua mpaka pakang'aa. Mshkaji akapiga stata, mita ikaruka hadi volti 1.8. Sasa tuliza akili hapo. Kati ya sehemu zile mbili hakuna kitu zaidi ya waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Stata inapovuta, mita ilitakiwa isome chini hata ya nusu volti. Hizo nyingine zote zilikuwa zinaliwa na bolti moja ya athi, kabla stata haijapata chake.

Umeme wa gari ni kama daladala za Mbagala: zikizuiwa kurudi, hata za kwenda zinaisha kituoni. Na athi ikifa, umeme haulali. Unatafuta uchochoro: unapita kwenye indiketa, kwenye redio, kwenye taa za dashibodi, ilimradi ufike kwenye negativu. Ndiyo maana unawasha hiki, kinaitika kile. Watu wanasema gari lina jini. Jini gani? Ni kutu.

Bolti ilipofunguliwa, kichwa cha waya kilikuwa na unga wa kijani, shaba imeshaliwa nusu. Chumvi inavuta unyevu, unyevu unakaa kwenye maungio, maungio yanaoza huku kwa nje tepu nyeusi inaonekana safi kabisa. Mafundi wa boti pale Nyamisati, wanaohudumia mashine zinazokwenda Mafia na vijiji vya ndani ya delta, wanalijua hilo kitambo. Utaratibu wao ni mfupi: osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha pakauke, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza bolti, ndipo upake grisi kwa juu kuzuia hewa. Ukianza na grisi nyingi chini ya bolti chafu, umeufungia uchafu ndani.

Madeni ya direkti

Athi ikawa poa, gari likawaka. Wengi wangeishia hapo wakapige misele. Fundi akafungua kisanduku cha fyuzi, na hapo ndipo tukaona janja janja za wamiliki wote waliopita.

Fyuzi ya taa ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Aliyefanya vile alichoka kununua fyuzi kila wiki, akaona bora iwe haiungui. Ikigoma kuungua fyuzi, kinachoungua ni waya, na waya umepita chini ya zulia mguuni kwako. Taa zenyewe kuna mtu alifunga za wati 100 kila upande. Piga hesabu: wati 200 gawa kwa volti 12, unapata karibu ampea 17. Kwenye 240Z mzigo wote wa taa unapita ndani ya swichi ya pale kwenye usukani, haina rilei. Swichi ya nusu karne haiwezi kubeba hiyo shughuli. Inachemka, plastiki inalainika, taa zinafifia. Dawa ni rilei mbili: umeme wa taa utoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake, swichi ibaki na kazi ya kutoa amri tu. Na balbu zirudi saizi ya kistaarabu.

Deni jingine lilikuwa redio, iliyopigwa direkti kwenye betri, ikawa inainyonya hata gari likiwa limezimwa. Kumkamata mwizi wa aina hii hakuhitaji kompyuta. Zima kila kitu, chomoa negativu, pitisha mita katikati ikiwa kwenye ampea, kisha chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Na zikiisha zote bila kushuka, fuata waya uliokwepa kisanduku. Tulisoma ampea 0.4. Inaonekana kidogo, lakini betri ya ampea-saa 60 inakauka kabisa kwa siku sita hivi, na nguvu ya kupiga stata inaondoka kabla ya hapo.

Halafu kuna mtego wa wajuaji: kwenye hizi gari umeme wa koili unapita ndani ya saa ya RPM. Ukiing'oa kwenda kuisafisha ukaacha waya zinaning'inia, injini haiwaki, na utasingizia plagi wiki nzima.

Machuma yaliyogoma delta

Delta hii imezoea machuma mabovu. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha huku, maeneo ya Salale, mitambo ikiwa hoi. Vipande vya boila vilivutwa nchi kavu kwa nguvu za Waafrika hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Meli ikaja kufia humu humu tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa mizinga na Waingereza, lakini boila zilikuwa zimepona. Hawakubadilisha meli nzima, walikifuata kilichoharibika.

Na ukinunua gari mapande haya, kumbuka mafuriko ya Aprili 2024 yaliyopiga Rufiji na Kibiti. Inua zulia, chungulia ndani ya vioo vya taa, vuta soketi moja chini ya dashibodi. Ukikuta tope kavu, sepa bila kuaga, hata bei iwe tamu vipi.

Rangi, rimu na viti vya ngozi vitasubiri. Mkwanja wa kwanza uende kwenye athi, fyuzi na rilei, kwa mtu anayefuata waya hadi mwisho. Ukikutana na fundi anayetoa mita kabla ya kutaja bei, huyo mshike.