Mboji, Chakula cha Udongo wa Machakos

Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, aliandika taarifa ya kusikitisha juu ya Machakos: vilima vilikuwa vitupu, na mvua ilichukua udongo na kuupeleka mitoni. Tangu siku hizo wakulima wa Ukambani wamechimba matuta mengi, hasa yale ya "fanya juu", ambayo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu wa mteremko.

Lakini tuta huuzuia udongo usiondoke, haliulishi. Kila gunia la mahindi litokalo shambani huondoka na chakula cha mimea, nacho hakirudi ila kirudishwe. Mkulima mwenye ng'ombe wachache hana samadi ya kutosha. Huyo mboji yamfaa sana, kwa kuwa samadi kidogo huchanganywa na mabua na magugu ikawa mbolea nyingi.

Shimo huchimbwa kivulini, kina chake futi 2 au 3, kwa maana katika nchi kavu shimo hutunza unyevu kuliko rundo lililo juu ya ardhi. Mabua hukatwakatwa na kutandazwa. Juu yake huwekwa majani mabichi, samadi, majivu kidogo na udongo wa juu. Kila tabaka hunyunyiziwa maji. Shimo likijaa hufunikwa kwa nyasi.

Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kuyala mabua, na joto huweza kupanda hata digrii 60 za Sentigredi, likaua mbegu nyingi za magugu. Vijidudu hivyo huhitaji hewa na maji. Kwa hiyo baada ya majuma matatu mboji hugeuzwa. Fimbo iliyochomekwa ndani ikitoka kavu, maji yaongezwe. Baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa nyeusi, hufikichika, na hunukia kama udongo wa msituni.

Mboji ikichanganywa na udongo huufanya mwororo, maji yakapenya badala ya kutiririka, na unyevu ukakaa. Mvua za Machakos, za Machi na za Oktoba, mara nyingi hukatika kabla mahindi hayajakomaa. Hapo unyevu wa siku chache zaidi waweza kuamua kama ghala litapata kitu au la.

Shimo lililojazwa mwezi wa Julai huwa tayari kwa mvua za Oktoba. Achomaye mabua yake huchoma chakula cha shamba lake.