Umepasuliwa mguu? Usikimbilie usukani

Ukitoka hospitali hapa London baada ya kupasuliwa mguu, swali la kwanza kichwani huwa ni moja: nitarudi lini kwenye gari? Watoto wanatakiwa shule, zamu zinasubiri, na kodi ya nyumba haijui kama una plasta mguuni. Wabeba boksi, wanaohudumia wazee majumbani na madereva wa teksi wanalijua hili vizuri. Kwao siku bila gari ni siku bila pesa.

Wengi hujipima kwa kutembea. "Nikifika dukani bila magongo, basi nimepona." Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu kutembea na kufunga breki ni kazi mbili tofauti. Ukitembea unachagua mwendo wako mwenyewe. Barabarani, anayechagua ni mtoto aliyekimbilia mpira.

BREKI NDIYO KIPIMO

Highway Code, kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza, kinaonyesha kuwa gari linalokwenda maili 30 kwa saa huhitaji mita 23 hadi lisimame: mita 9 dereva anapogutuka na mita 14 za breki zenyewe. Ukichelewa nusu sekunde tu kwa sababu mguu umeuma au kiatu kimenasa, unaongeza karibu mita 7. Huo ni urefu wa zaidi ya gari moja na nusu.

Tena mguu uliopasuliwa husita hata kabla wewe hujajua. Mwili unakumbuka maumivu na unajilinda. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha vizuri kwenye barabara tulivu, halafu akashindwa siku ile moja anayohitaji breki ya nguvu.

NI MUDA GANI?

Inategemea upasuaji. Kwa wale wanaoondolewa nundu inayoota kando ya kidole gumba cha mguu, upasuaji ambao ni wa kawaida sana hapa, NHS inashauri kutoendesha kwa takriban wiki 6 hadi 8. Upasuaji mkubwa wa kifundo au wa kuunga mifupa unaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Muulize daktari aliyekupasua, usimuulize jirani aliyepasuliwa mwaka jana.

Mguu wa kulia ndio wenye kazi kubwa, maana ndio wa mafuta na breki. Kama umepasuliwa wa kushoto na gari lako ni otomatiki, huenda ukaruhusiwa mapema. Kama ni gari la klachi, wa kushoto nao lazima upone kwanza. Usijaribu kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto ili kuupumzisha wa kulia. Mguu usiozoea hukanyaga kwa nguvu kupita kiasi, au hukosea pedeli. Usiendeshe ukiwa na plasta au kile kiatu kikubwa cha hospitali.

Wenye kisukari wawe waangalifu zaidi. Kidonda kinaweza kufunga, lakini kama unyayo umekufa ganzi hutajua umekanyaga pedeli kwa nguvu gani. Mwambie daktari wako.

SHERIA, BIMA NA DAWA

Kama miezi 3 baada ya upasuaji bado huwezi kuendesha, lazima uiarifu DVLA. Kuficha hali ya kiafya inayoathiri uendeshaji kunaweza kukutoza faini ya hadi pauni 1,000. Wenye leseni ya teksi ya TfL wajue kuwa viwango vyao vya afya ni vikali kuliko vya dereva wa kawaida.

Kabla ya kuwasha gari, piga simu kampuni ya bima. Waeleze upasuaji uliofanyiwa na daktari alivyosema, kisha omba jibu kwa maandishi. Ukigonga ukiwa hujapona, bima inaweza kukataa kukulipa.

Dawa nazo zina sheria yake. Tangu tarehe 2 Machi 2015, England na Wales zina viwango maalumu vya dawa kwenye damu ya dereva, na mofini ni mojawapo. Kodeini mwilini hugeuka kwa sehemu kuwa mofini. Sheria inamlinda aliyefuata maelekezo ya daktari, ila haimlindi aliyeendesha akiwa amelewa dawa. Ukisikia usingizi au kizunguzungu, acha ufunguo mezani.

JIPIME HIVI

1. Uwe umeacha magongo na unavaa kiatu cha kawaida kinachoshika vizuri. Kandambili hazifai.
2. Kaa kwenye gari lililosimama, injini imezimwa. Hamisha mguu kutoka mafuta hadi breki mara nyingi, haraka.
3. Kanyaga breki kwa nguvu zako zote. Ukikunja uso kwa maumivu, bado.
4. Daktari na bima wakikubali, anza na safari fupi ya mchana, barabara tulivu, ukiwa na dereva mwenzio.
5. Mguu ukivimba baada ya safari, uinue juu na usiongeze umbali.

WAKATI UNASUBIRI

Mabasi ya London yana ngazi ya chini, na TfL hutoa beji ya bure ya kuomba kupewa kiti, hata kwa mwenye tatizo la muda. Ukiumwa zaidi ya siku 7, kazini watataka fit note, kwa hiyo iombe kabla hujatoka hospitali. Inaweza pia kusema unafaa kwa kazi nyepesi isiyo ya kuendesha. Uliyejiajiri, ulizia New Style ESA; inategemea michango yako ya National Insurance. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani. NHS haikutozi kitu.

Na usikae tu kwenye kochi. Fanya mazoezi uliyopewa. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma, piga 111 siku hiyo hiyo, huenda damu imeganda. Ukipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, piga 999 mara moja.

Najua bili hazisubiri. Lakini wiki 2 za kuongeza nyumbani zinalipika, na maisha ya mtu kwenye kivuko cha waenda kwa miguu hayalipiki. Wahenga walisema: kawia ufike.

Maelezo haya ni ya jumla. Ushauri wa daktari wako ndio wa kufuata.