Duane Allman

Howard Duane Allman (20 Novemba 1946 – 29 Oktoba 1971) alikuwa mpiga gitaa kutoka nchini Marekani, mwanzilishi na kiongozi wa bendi ya muziki wa roki ya The Allman Brothers Band. Alifariki kwa ajali ya pikipiki akiwa na umri wa miaka 24, wakati bendi yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kufanikiwa. Alirekodi na bendi hiyo kwa muda usiofika miaka mitatu. Hata hivyo, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake, mashabiki bado husafiri hadi mji wa Macon, jimbo la Georgia, kuzuru kaburi lake.

Maisha ya awali

Duane alizaliwa Nashville, Tennessee. Baba yake, Willis Allman, alikuwa mwanajeshi. Aliuawa Desemba 1949 na mtu aliyekuwa amempa lifti, wakati Duane ana miaka mitatu na mdogo wake Gregg ana miwili. Mama yao, Geraldine, aliwalea peke yake, na mwaka 1957 familia ilihamia Daytona Beach, Florida.

Aliyeanza kumiliki gitaa nyumbani alikuwa Gregg. Duane alikuwa na pikipiki, na alipoiharibu alibadilisha vipuri vyake akapata gitaa lake mwenyewe. Gregg ndiye aliyemwonyesha nyimbo za mwanzo, ila haukupita muda mwanafunzi akampita mwalimu. Duane aliacha shule akawa anashinda nyumbani akifanya mazoezi. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, lakini alipiga gitaa kama wanaotumia mkono wa kulia.

Ndugu hao walipiga pamoja katika bendi ya Allman Joys, kisha Hour Glass, iliyotoa albamu mbili huko Los Angeles mwaka 1967 na 1968. Albamu hizo hazikuwapendeza wao wenyewe, na Duane akarudi zake kusini.

Kichupa cha dawa ya mafua

Sifa kubwa ya Duane ni upigaji wa kutelezesha. Katika mtindo huu mpigaji habonyezi nyuzi kwa ncha za vidole, bali huvaa kijibomba cha kioo au chuma kidoleni na kukitelezesha juu ya nyuzi. Sauti hupanda na kushuka bila kukatika, karibu na sauti ya mtu anayeimba au kulia. Ni mbinu ya zamani ya wapiga bluzi Weusi wa kusini mwa Marekani. Ni ngumu, kwa kuwa kijibomba kikikaa kando kidogo tu ya mahali panapotakiwa, noti hutoka imepotoka.

Gregg alisimulia kwamba mwaka 1968, siku kaka yake alipotimiza miaka 22, Duane alikuwa anaumwa mafua. Gregg alimpelekea vitu viwili: vidonge vya Coricidin na albamu ya kwanza ya Taj Mahal. Duane alimwaga vidonge, akabandua karatasi ya kichupa, akakivaa kidoleni na kuanza kufuatisha gitaa alilolisikia katika santuri. Aliendelea kutumia vichupa vya aina hiyo hadi mwisho, na leo mifano yake inatengenezwa na kuuzwa kwa wapiga gitaa.

Mwaka huohuo aliingia studio ya FAME huko Muscle Shoals, Alabama, kama mwanamuziki wa kukodiwa. Ni yeye aliyempa mwimbaji Wilson Pickett wazo la kurekodi "Hey Jude", wimbo ambao The Beatles walikuwa wameutoa miezi michache tu kabla. Gitaa lake mwishoni mwa wimbo huo lilimvutia Eric Clapton, na mwaka 1970 wawili hao walikutana Miami kurekodi albamu ya Layla and Other Assorted Love Songs ya bendi ya Derek and the Dominos. Katika kipindi hicho alipiga pia kwenye rekodi za Aretha Franklin, King Curtis na Boz Scaggs.

The Allman Brothers Band

Bendi iliundwa Machi 1969 huko Jacksonville, Florida, kisha ikahamia Macon. Walikuwa sita: Duane na Dickey Betts kwenye magitaa, Gregg kwenye kinanda na uimbaji, Berry Oakley kwenye besi, na wapiga ngoma wawili, Butch Trucks na Jaimoe. Jaimoe alikuwa Mweusi, na bendi ya watu wa rangi mbili haikuwa jambo la kawaida kusini mwa Marekani miaka hiyo.

Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa na mpiga solo mmoja, na wengine wakimsindikiza. Duane na Betts walikuwa wapiga solo wote wawili. Mara walipokezana, mara walipiga sauti mbili zinazokwenda sambamba kama waimbaji wa kwaya. Nyimbo zilirefushwa jukwaani hadi kupita dakika 20, kwa namna iliyofanana zaidi na jazi kuliko roki. Jambo hili linasikika vizuri katika At Fillmore East, albamu iliyorekodiwa mbele ya watazamaji jijini New York Machi 1971 na kutolewa Julai mwaka huo. Kwa anayetaka kujua kwa nini mashabiki hawajamsahau Duane, hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Kifo

Tarehe 29 Oktoba 1971 Duane alikuwa akiendesha pikipiki mjini Macon alipojaribu kukwepa lori kwenye makutano ya barabara. Alifariki hospitalini saa chache baadaye. Katika mazishi, wenzake walipiga muziki mbele ya jeneza lake.

Zaidi kidogo ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba 1972, Berry Oakley naye alipata ajali ya pikipiki karibu na mahali palepale akafariki. Naye alikuwa na miaka 24. Walizikwa bega kwa bega katika makaburi ya Rose Hill, mahali ambapo wanabendi walipenda kutembea na kutunga nyimbo walipokuwa hawana umaarufu. Gregg alizikwa hapohapo mwaka 2017.

Kumbukumbu za mashabiki

Mwaka 1973 mashabiki walichonga kwa herufi kubwa maneno ya kuwataka wapita njia wamkumbuke Duane Allman, kwenye ukingo wa udongo kando ya barabara kuu karibu na Vicksburg, Mississippi. Picha ya maandishi hayo ilichapishwa katika jarida la Rolling Stone.

Mapenzi hayo yameleta pia madhara. Wageni wengine waliharibu makaburi ya Rose Hill, ikabidi yawekewe uzio. Sehemu nyingine wanayoizuru ni nyumba ya Vineville Avenue iliyoitwa Big House, ambako wanabendi na familia zao waliishi kuanzia 1970. Ilifunguliwa kama makumbusho mwaka 2009.

Kuna simulizi mbili zinazorudiwa sana na mashabiki ambazo si za kweli. Ya kwanza inadai kwamba albamu ya Eat a Peach (1972) iliitwa hivyo kwa sababu lori lililosababisha ajali lilibeba mapichi. Jina hilo lilitokana na jibu la utani ambalo Duane mwenyewe aliwahi kumpa mwandishi wa habari. Ya pili inadai kwamba Lynyrd Skynyrd walitunga "Free Bird" kwa ajili yake. Wimbo huo ulikuwa umeshatungwa kabla hajafa, ingawa ni kweli kwamba bendi hiyo iliupiga jukwaani kwa heshima yake.

Binti yake, Galadrielle, alikuwa na miaka miwili tu baba yake alipofariki. Mwaka 2014 alitoa kitabu kiitwacho Please Be with Me, alichokiandika kwa kuwahoji watu waliomfahamu baba ambaye yeye hakupata kumjua. Mwaka huohuo, Oktoba 28, The Allman Brothers Band walifanya onyesho lao la mwisho katika ukumbi wa Beacon, New York. Nafasi ya Duane ya kutelezesha ilishikwa na Derek Trucks, mpwa wa Butch, aliyezaliwa karibu miaka minane baada ya kifo cha Duane. Onyesho lilivuka usiku wa manane na kumalizika tarehe 29, siku ileile aliyofariki.

Gitaa la Gibson Les Paul la mwaka 1957 alilolitumia katika albamu mbili za kwanza liliuzwa mnadani mwaka 2019 kwa dola milioni 1.25. Yeye mwenyewe alikuwa amelitoa mwaka 1970, pamoja na dola 200 na kikuza sauti juu yake, ili apewe gitaa jingine.